Mtu Si Mpya, Faili Ndilo Jipya

Mjukuu wangu Rehema anafanya kazi ya kompyuta, na kila nikimtembelea hupenda kuniketisha kando yake nione. Juzi aliandika mstari mmoja mfupi kwenye kioo cheusi, akabonyeza, na mashine ikamshushia safu ya majina kwa maandishi mekundu.

"Haya bibi, hayo ndiyo mafaili mapya," akasema. "Yamo humu ndani, lakini ghala la kumbukumbu bado haliyatambui. Mpaka niyaingize mwenyewe."

Nikamwuliza, "Na nani anayasoma kwa sauti?"

Akacheka mpaka akaziba mdomo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nauliza kweli.

Basi wanangu, nyinyi mnaoanza kazi ya kutunza kumbukumbu za watu, nioneni kama bibi yenu mwingine, nikuambieni kwa nini niliuliza. Mtanisamehe nikirukaruka. Maisha yangu yote nimepanga mafaili ya wenzangu, yangu ya kichwani sikupata nafasi ya kuyapanga.

Niliingia kazini miaka michache baada ya Uhuru, msichana wa mji mkongwe wa Bagamoyo, nimemaliza darasa la nane. Mama aliniruhusu kwa shingo upande. Alisema mtoto wa kike kukaa chumba kimoja na wanaume na makaratasi ni kujitafutia maneno. Nilipangiwa masjala ya hospitali, yaani kile chumba ambamo mafaili ya wagonjwa wote hutunzwa. Kilikuwa na dirisha moja, rafu za mbao hadi darini, na harufu ya mwarobaini, kwa kuwa tulitia majani ya mwarobaini nyuma ya mafaili kuwafukuza wadudu. Mchwa hawakuyaogopa hata kidogo. Mchwa wa Bagamoyo wamesoma.

Mkuu wangu alikuwa Bwana Anselmi, mtu wa bara, kutoka nyanda za juu kusini. Mrefu, mpole, Mkristo wa kusali kila Jumapili, mfuko wa shati lake daima una doa la wino. Pwani ilimpokea vizuri ila majina yetu ndiyo yaliyomtoa jasho. Wiki yangu ya kwanza walikuja wanawake watatu asubuhi moja, wote Mwanahamisi binti Hamisi. Alipomaliza kumwandika wa tatu akaweka kalamu chini, akaniangalia.

"Binti Zuhura, hivi huku watu huzaliwa Alhamisi tu?"

"Hapana, Bwana Anselmi. Wa Ijumaa ni Mwanajuma. Hawajaumwa leo."

Alicheka kicheko chake kile cha kimya, mabega tu yanatikisika. Lakini siku hiyo hiyo ndipo alipoanza kunifundisha. Usimwulize mtu "jina lako nani?" ukaandika na kumwacha aende, akasema. Mwulize alizaliwa akaitwa nani. Mwulize nyumbani wanamwitaje. Jina la baba, jina la mama, na kama hajui la mama mwulize la bibi aliyemlea. Ametoka wapi kabla ya hapa alipo. Kisha tazama mwili wake kwa adabu, uandike alama moja ambayo haibadiliki, kovu, kidole kilichopinda, jicho. Majina hubadilika, alisema, watu wa pwani mnayavua na kuyavaa kama kanga.

Nilidhani anatania. Baadaye nikaja kuona mzee mmoja wa mjini ana mafaili matano kwetu, majina matano, maradhi matano. Tulipomwuliza akatuambia bila aibu, "Kila ugonjwa na siri yake. Daktari wa mguu hana haja ya kujua habari za tumbo." Bwana Anselmi alimheshimu sana mzee yule. Alisema ndiye mgonjwa pekee aliyemsaidia kupanga.

Mimi nami nilikuwa na vituko vyangu. Miezi ya mwanzo niliwapanga masheikh wote chini ya herufi S na walimu wa madrasa chini ya M, kwa sababu niliona vibaya kuwaandika watu wazima majina matupu. Ukitafuta faili la mwalimu wangu wa Kurani ungelikuta kati ya Maalim na Maalim, kumi na kitu wamebanana. Bwana Anselmi aliyatoa yote, akaniwekea mezani, akasema, "Heshima zao wape mlangoni. Rafuni wape majina yao." Nimewaambia maneno hayo vijana wote niliowafundisha mpaka nilipostaafu.

Sasa nije kwenye mapya.

Kwetu faili jipya halikupanda rafu siku lilipofunguliwa. Liliandikwa kwa penseli na kuwekwa kwenye kikapu cha ukindu kando ya meza yake. Alasiri, kabla ya kufunga, aliyatoa moja moja na kuyasoma kwa sauti, mimi na karani mwenzangu tukisikiliza. Jina, baba, mama, alikotoka, alama. Kama kati yetu kuna anayemkumbuka mtu huyo kwa jina jingine, anasema hapo hapo, tunatafuta la zamani, tunayaunganisha. Likishapita masikioni mwetu pasipo mtu kusema neno, ndipo lilipoandikwa kwa wino na kupewa nafasi yake rafuni.

"Mtu si mpya," alizoea kusema. "Mtu ana miaka yake, na maradhi yake, na dawa alizokunywa. Kilicho kipya ni hii karatasi yetu. Sisi ndio tuliochelewa kumjua."

Miaka ile ya sabini watu walipoanza kuhamia vijiji vya ujamaa, kikapu kilikuwa hakitoshi. Waliokuwa wametawanyika huko bara, ndani ndani, wakawekwa pamoja. Wengine walipitiliza kwa ndugu zao, wakashuka pwani. Mafaili yao yakabaki kwenye zahanati za kule walikotoka, wao wakafika kwetu mikono mitupu, na sote tukawaandika wapya. Kusomeana sisi watatu hakukufaa tena. Tutamkumbukaje mtu ambaye hatujapata kumwona?

Ndipo Bwana Anselmi akaenda kuomba simu ya upepo. Hii ilikuwa redio ya serikali ya kuzungumzia na vituo vya mbali. Ya kwetu ilikaa kituo cha polisi, na mwangalizi wake alikuwa Konstebo Makame, kijana mwenye asili ya Unguja, mtanashati, kaptura imepigwa pasi hadi inakata. Huko bara zahanati kadhaa zilikuwa jirani na ofisi zenye redio kama hiyo. Tukapewa nafasi ya alasiri, baada ya habari za polisi na za kilimo kwisha. Vituo tuliviita kwa namba. Sisi Kituo cha Kwanza. Kituo cha Nne kilikuwa zahanati ndogo iliyo ndani zaidi, kupita Miono.

Konstebo Makame hakupendezwa hata kidogo. "Bwana Anselmi, hii ni simu ya serikali. Wewe unaita majina kama mpiga mbiu wa harusi."

"Harusi pia ni ya serikali, Konstebo. Utaona utakapooa."

Basi kila alasiri tulikwenda, yeye na karatasi yake, mimi nyuma na kalamu. Alibonyeza, akasema, "Vituo vyote, mapya ya leo," akasoma, akamalizia "ova," yaani zamu yenu. Kisha kila kituo kikajibu: hatumjui, hatumjui, huyo wa pili ni wetu, faili lake litakuja na gari la Msata. Nami nikaandika. Nilizijua sauti zile kama za ndugu zangu, na wenye sauti sikuwa nimepata kuwaona. Wa Kituo cha Nne alikuwa tabibu, jina lake Yohana, lakini sisi tulimwita Nne. Sauti nzito, ya mtu anayefikiri kabla ya kusema. Alijibu kwa ufupi kila siku, "Nne, hakuna wangu, ova." Miezi na miezi, hakuna wake.

Siku ninayotaka kuwaambia ilikuwa ya masika. Asubuhi aliletwa msichana kutoka Zinga, amebebwa kwenye machela na vijana wa kijiji, pumzi yake fupi kama ya mtu aliyekimbia. Kichomi. Pamoja naye alikuja bibi yake, Bibi Mwanakombo, mwanamke mdogo wa mwili na mkali wa macho. Mimi ndiye niliyewaandika.

"Jina la mgonjwa?"

"Salama binti Pazi."

"Alizaliwa akaitwa Salama?"

Bibi akanitazama. "Anaitwa Salama," akasema, na nikajua mlango huo umefungwa. Nikaendelea. Mama yake Mwanjaa, marehemu. Wametoka bara, upande wa Miono. Mgonjwa mwenyewe hakuweza kusema. Nikainua kanga kwa adabu, nikaona kovu la moto mkono wa kushoto, kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kiganja. Nikaandika. Nikamwuliza bibi kama kuna dawa iliyopata kumdhuru. Akasema, "Hatujui madawa ya hospitali sisi." Faili likaenda kwa daktari, likarudi limeandikwa sindano za penisilini, ya kwanza itolewe nesi atakapopita wodini jioni, kwa kuwa stoo ilikuwa ikingoja mzigo wa dawa. Nikaliweka jina lake kwenye orodha ya mapya. Alikuwa wa tatu.

Alasiri mbingu zilikuwa nyeusi. Tulipofika polisi Konstebo Makame alikuwa amesimama mlangoni, mkono tayari kwenye waya wa antena.

"Leo hapasomwi. Kuna radi. Amri ni kukata waya."

"Wako wanne tu," Bwana Anselmi akasema.

"Hata angekuwa mmoja. Radi ikiingia humu, tutaungua mimi na wewe na binti wa watu."

Bwana Anselmi hakubishana. Alisimama tu pale, karatasi kifuani asiiloweshe. Konstebo akatazama juu, akatazama ile karatasi, akasonya. "Soma haraka," akasema. "Mimi nitasimama nje nitazame. Nikipiga kelele, mnaacha."

Akasimama nje kwenye mvua, na kaptura yake ile ya pasi.

Bwana Anselmi akasoma. Redio ilikuwa inakaanga kama mafuta ya vitumbua. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Vituo vikajibu, hatumjui, hatumjui. Ikafika zamu ya Nne, kimya. Tukadhani amepotea.

"Kwanza, huyu ni Nne. Rudia wa tatu. Ova."

Akarudia. Salama binti Pazi, mama Mwanjaa, bibi Mwanakombo, kovu mkononi.

"Kovu hilo ni la moto? Mkono wa kushoto? Linafika kiganjani? Ova."

"Ndivyo. Ova."

Ile sauti ya mtu anayefikiri kabla ya kusema ikapotea. Alipiga kelele hata Konstebo Makame akamsikia huko nje. "Huyo si mpya! Huyo ni Tabu! Faili lake ninalo mimi! Msimchome penisilini! Narudia, penisilini hapana, ilitaka kumwua mikononi mwangu! Ova! Ova!"

Sikumngoja Bwana Anselmi aniambie kitu. Nilikuwa nje tayari. Konstebo Makame alikimbilia ndani, akazungusha simu ya mezani kuita hospitali, haikupokelewa. Akaitupa, akachukua baiskeli yake. "Panda!" Nikapanda kwenye keria, mimi binti wa mji mkongwe, buibui linapepea kama tanga, nimemshika askari polisi kiunoni, tukakata mji katikati ya mvua watu wote wakiwa barazani wamejikinga na hawana jingine la kutazama. Mama alipata habari kabla sijafika hospitali.

Nesi Getruda alikuwa kitanda cha pili kutoka cha Salama. Sinia mkononi, bomba la sindano limeshavutwa dawa.

"Nesi, ngoja!"

"Kuna nini, Zuhura? Umelowa."

"Salama. Usimchome. Dawa hii anaikataa mwilini, ilitaka kumwua huko bara."

"Nani kasema?"

"Tabibu aliyemchoma mara ya kwanza. Yuko kwenye simu ya upepo."

Nesi Getruda alikuwa mtu wa amri, asiyependa kuingiliwa wodini kwake. Alinitazama, akamtazama askari anayetiririka maji mlangoni. Kisha akaweka lile bomba kwenye sinia, akalifunika kitambaa, akasema taratibu, "Mwiteni daktari." Daktari akaja, akasikiliza, akafuta alichoandika na kuandika dawa nyingine. Siku chache baadaye homa ikamwachia.

Bwana Anselmi alirudi amechelewa. Alikuwa amebaki kwenye redio. Akaketi, akafuta miwani. "Tulipomaliza habari za dawa aliniuliza jambo moja," akaniambia. "Yu hai? Nikamwambia yu hai. Akauliza tena, yu hai kweli? Nikamwambia nimemwona leo asubuhi kwa macho yangu. Akanyamaza. Nikadhani mtambo umekufa, kumbe mtu analia."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Msichana alipofikishwa kwa Nne, mwaka mmoja kabla, aliitwa Tabu, maana alizaliwa kwa tabu na mama yake hakupona. Alikuwa na jipu, tabibu akamchoma penisilini, dawa ile ile iliyokuwa imeponya watu wengi pale. Dakika ile ile uso ukavimba, pumzi ikakata. Nne akahangaika naye hadi pumzi ikarudi, nyembamba kama uzi. Akaingia ndani kuchukua dawa nyingine, na alipotoka kitanda kitupu. Bibi alikuwa amemtwaa mtoto wake na kuondoka. Wiki ile ile familia zikahamishwa. Nne hakupata kujua kama aliwahi kufika nyumbani. Alibaki na faili ambalo hakuthubutu kulifunga, juu ameandika kwa wino mwekundu, penisilini hapana. Ndiyo maana hakukosa hata alasiri moja kwenye redio. Sisi tulidhani anapenda kazi.

Na bibi naye akafanya alichokijua. Aliona jina Tabu ni zito, linamwandama mtoto, akalivua, akampa jepesi.

Bwana Anselmi alipokwenda wodini kumwuliza tuandike jina lipi kwenye faili moja la kudumu, nilikuwapo.

"Salama," Bibi Mwanakombo akasema. "Kwani hamjaona? Alipokuwa Tabu alichomwa. Alipokuwa Salama mkazuiwa mlangoni. Jina limefanya kazi yake."

Nilifungua mdomo nimweleze habari za redio, na alama, na kovu. Bwana Anselmi akanikanyaga mguu kidogo. "Ni kweli, bibi," akasema, na hakuwa anamdhihaki. Akaandika Salama binti Pazi kwa wino, na chini yake, kwa herufi ndogo, zamani Tabu.

Nilitaka kushukuru, wanangu. Nilikuwa kijana, moyo umejaa, sikujua niupeleke wapi. Nikamwambia Bwana Anselmi ahsante kwa kunifundisha kuandika makovu. Akasema, "Mimi nilisoma tu. Mshukuru Konstebo, yeye ndiye aliyeacha waya." Nikaenda kwa Konstebo na mkate wa kumimina aliopika mama, ambaye baada ya kusikia habari nzima alinisamehe ile baiskeli. Konstebo akaupokea mkate, ahsante akaikataa. "Mimi nimevunja amri, usinishukuru kwa sauti. Mshukuru Nne." Kwa Nne sikuweza. Redio ya serikali si ya maneno kama hayo.

Lakini Nne akaja mwenyewe. Hakutaka kulituma faili. Alipanda lori hadi Msata, akangoja, akapata gari jingine la kushuka Bagamoyo, akaingia masjala vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi, bahasha kwapani. Mtu mfupi! Kwa sauti ile nilikuwa nimemtengenezea mwili wa jitu.

"Wewe ndiye Kwanza?" akaniuliza.

"Mwandishi wa Kwanza. Na wewe ndiye Nne."

Nikamshukuru hapo hapo, kabla hajaketi, nisije nikapokonywa nafasi. Aliinamisha kichwa. "Nimeipokea," akasema. "Sasa nipeleke."

Salama alikuwa ameketi kitandani, anasukwa nywele na mgonjwa mwenzake. Bibi Mwanakombo alikuwa kwenye mkeka sakafuni, anamenya chungwa. Tabibu Yohana akavua kofia.

"Shikamoo, bibi."

Bibi alimwona, akamjua. Kisu kikasimama kwenye ganda. Hakuitika. Kwetu pwani shikamoo isiyoitikiwa huuma kuliko tusi. Nne hakuondoka. Alisimama pale pale, kofia mikononi.

"Nilikuja kwenu kesho yake," akasema. "Na siku zilizofuata. Mwisho nikakuta nyumba imeezuliwa."

"Wewe ndiye uliyemchoma."

"Ndiye mimi, bibi."

"Na ndiye uliyewapigia kelele hawa wasimchome."

"Ndiye mimi."

Bibi Mwanakombo akamtazama mjukuu wake kitandani, kichwa kimesukwa nusu, anapumua bila kujua kwamba anapumua. Kisha akasogea upande mmoja wa mkeka, akalikata chungwa mara mbili, na nusu moja akamnyooshea.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Kaa."